Kikombe Kidogo: Somo la Kumlisha Mtoto Mwenye Bwaki Hospitalini

Ndugu msomaji, labda unaketi sasa juu ya mkeka nje ya chumba cha watoto, na kijitabu hiki kimefika mkononi mwako. Labda mtoto aliye ndani ni wako, au ni wa dada yako, au wa jirani mnayesali naye. Umemwona mwuguzi akipima maziwa kidogo katika kikombe, akampa mtoto, akaandika katika karatasi, akaenda zake. Nawe umesema moyoni: "Mtoto huyu anakufa kwa njaa, na hawa wanampimia chakula kama dawa!"

Umesema kweli. Katika chumba hiki chakula ni dawa, na dawa hupimwa. Dawa kidogo mno haiponyi, na dawa nyingi mno huua. Somo hili litakuonyesha sababu ya kikombe kile kidogo, ili usiogope, tena usiharibu kazi bila kujua. Watoto wengine wamekufa katika siku zao za kwanza hospitalini kwa sababu mtu aliyewapenda sana aliwapa chakula kwa siri. Kwa hiyo soma polepole, na umsomee na yule asiyejua kusoma.

1. UGONJWA HUU NI NINI?

Katika Kivu watu wengi huuita bwaki. Waganga wa nchi nyingi huuita kwashiorkor. Jina hili si la Kizungu. Ni neno la watu wa kabila la Ga, katika nchi ya Ghana. Mganga mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi kule, alisikia akina mama wakilitumia, naye aliliandika katika gazeti la waganga mwaka 1935. Kwao lilikuwa na maana ya ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa kifuani mwa mama wakati mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale walikuwa wameona vema. Mtoto anaachishwa maziwa upesi, kisha anapewa bugali wa muhogo asubuhi na jioni. Tumbo linajaa, lakini mwili haupati vitu vya kuujenga. Halafu yanakuja surua, kuhara, malaria au kikohozi, na mtoto anaanguka.

Tazama alama zake. Miguu yote miwili inavimba, baadaye mikono na uso. Nywele zinageuka rangi, zinakuwa nyepesi, na ukizivuta zinang'oka bila maumivu. Ngozi inafanya madoa meusi, halafu inabambuka kama iliyoungua kwa moto. Mtoto hachezi. Analia kwa sauti ndogo, wala hataki kula.

Kuna na namna ya pili. Mtoto havimbi, bali anakonda hata mbavu zinahesabika na uso wake unafanana na uso wa mzee. Watoto wengine wana namna zote mbili pamoja. Matunzo ya hospitali ni karibu sawasawa.

Watu wengine husema uvimbe huu ni ulozi, au ni mtoto kunenepa. Si kunenepa. Ni maji yaliyokaa chini ya ngozi. Tena usimchanje miguuni ili maji yatoke. Kila chanjo ni mlango wa vijidudu, na mwili wa mtoto huyu hauna askari wa kuulinda mlango.

2. KAZI YA MLANGONI

Mtoto anapofika, wauguzi hupima mambo kadha wa kadha.

Kwanza humpima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa mkanda mdogo wenye rangi tatu. Mkanda huu ni kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mkono ukiwa chini ya santimeta 11.5, mkanda unaonyesha rangi nyekundu, na hatari ni kubwa. Toka 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni rangi ya manjano: mtoto yuko njiani kuanguka. Ukifika 12.5 au zaidi ni rangi ya majani.

Pili, mwuguzi hubonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, akihesabu sekunde tatu. Akiondoa kidole na shimo likabaki, kuna uvimbe wa bwaki, hata kama mkanda hauonyeshi rangi nyekundu.

Tatu, hupima uzito na urefu, huangalia homa, pumzi, vidonda, na damu.

Nne, humjaribu kwa chakula. Humpa mama pakiti ya chakula laini cha karanga, kile ambacho watu wengi wanakijua kwa jina la Plumpy'Nut. Mama ananawa mikono, anamwonjesha mtoto polepole bila kumlazimisha. Mtoto akila vizuri, na hana ugonjwa mwingine mkali, atatunzwa akiwa nyumbani, naye atarudi kila juma kupimwa. Mahali pa kazi hiyo katika Kongo panaitwa UNTA. Lakini mtoto asiyetaka kula, au aliyevimba mwili mzima, au mwenye kutapika, kuhara sana, pumzi ya haraka au usingizi usio wa kawaida, hana budi kulazwa. Mahali pake panaitwa UNTI. Somo letu linasema juu ya huyu anayelazwa.

3. MOTO ULIO CHINI YA MAJIVU

Mama, unajua namna ya kulinda moto usiku. Unaufunika kwa majivu. Asubuhi kunabaki kaa dogo jekundu. Je, utatupa gogo kubwa juu yake? Hapana. Utalizima. Unaweka majani makavu kidogo, unapuliza, unangoja. Halafu kijiti, halafu kuni.

Mwili wa mtoto aliyekosa chakula siku nyingi ni kama moto ule. Ili asife upesi, mwili wake umepunguza kazi zote. Moyo unapiga kwa udhaifu. Maini na figo vinafanya kazi kidogo. Matumbo yamekuwa membamba, hayawezi kusaga chakula kizito. Chumvi za mwili hazikai mahali pake: ile iliyo katika chumvi ya jikoni ni nyingi mno mwilini, na zile ziitwazo potasiamu, magneziamu na fosfati zimepungua.

Sasa mtu akimpa mtoto huyu sahani ya bugali na nyama, au maziwa mengi yenye nguvu, gogo limeanguka juu ya kaa. Chakula kinapoingia kwa wingi, chumvi zile chache hutoka katika damu kwa ghafula na kuingia ndani ya mwili. Maji yanarudi katika mishipa, na moyo dhaifu hauwezi kuyasukuma. Mtoto aliyekuwa ameketi jioni anaanza kupumua kwa shida usiku, na kabla ya mapambazuko anaweza kufa.

Wala jambo hili si la watoto tu. Mwezi wa Aprili mwaka 1945, mwisho wa vita kuu ya pili, askari wa Uingereza waliingia katika kambi ya Bergen-Belsen katika Ujerumani. Waliwakuta maelfu ya watu waliofungwa, wamekonda kama mifupa. Askari waliwahurumia, wakawapa vyakula vyao vya kopo vyenye mafuta. Wengi walikula wakafa. Huruma yao ilikuwa ya kweli, lakini hawakujua kipimo. Tangu siku zile waganga wamejifunza mengi, na mwaka 1999 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa kitabu kinachoonyesha hatua 10 za kumtunza mtoto wa namna hii. Wauguzi wako wanafuata hatua hizo.

4. SAA ZA KWANZA

Mambo mawili huua upesi: sukari kupungua katika damu, na baridi. Haya mawili hutembea pamoja kama ndugu.

Kwa hiyo mtoto akifika tu, hata kabla ya karatasi kumalizika, wauguzi humpa maji ya sukari: kijiko kidogo kimoja cha sukari katika vijiko vikubwa vitatu na nusu vya maji safi. Kisha maziwa huanza mara moja, wala hayangojei asubuhi.

Na kwa ajili ya baridi, mama, wewe ndiwe dawa. Mweke mtoto kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, mfunike kichwa, jifunikeni nguo pamoja. Usimwogeshe kwa maji baridi wala usimlaze karibu na dirisha lililo wazi. Kipimo cha kwapani kikiwa chini ya digrii 35, mwili umepoa mno.

Mtoto atapewa na dawa za kuua vijidudu, hata kama hana homa. Watu huuliza: "Kwa sababu gani, naye hana joto?" Homa ni ishara kwamba mwili unapigana. Mwili huyu hauna nguvu za kupigana, kwa hiyo ugonjwa unaweza kujificha ndani bila joto lolote.

Tena akina mama wengi huomba serumu. Wanasema: "Mtoto ni dhaifu, mtieni maji katika mshipa." Mganga atatia serumu ikiwa mtoto anazimia na damu yake haitembei vizuri. Bila sababu hiyo atakataa, kwa maana maji ya mshipani huenda moja kwa moja kwenye moyo ule dhaifu. Akihara, kuna maji ya kunywa yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto hawa, yenye chumvi kidogo na potasiamu nyingi kuliko yale ya watoto wengine. Na dawa ya kukojoza maji ya uvimbe hatapewa. Uvimbe utashuka wenyewe kwa sababu ya chakula. Dawa ya chuma ya kuongeza damu nayo hungoja mpaka mtoto aanze kula vizuri na kuongeza uzito, kwa kuwa siku za kwanza chuma huweza kuzidisha ugonjwa.

5. KIKOMBE KIDOGO, MCHANA NA USIKU

Maziwa ya siku za kwanza huitwa F-75. Si maziwa ya dukani. Ni unga ulioandaliwa kwa ajili ya ugonjwa huu, wenye sukari, mafuta, maziwa kidogo, chumvi zile zinazokosekana, na vitamini. Namba 75 ni kipimo cha nguvu zake: mililita 100 zina kalori 75. Vitu vya kujenga misuli ni vichache ndani yake, kwa makusudi, maana maini na figo bado ni wagonjwa. Maziwa haya hayamnenepeshi mtoto. Yanamzuia asife, na kuutengeneza mwili ili uweze kupokea chakula.

Mwuguzi huhesabu hivi. Tuseme mtoto ana kilo 6, naye amevimba mwili mzima. Anapewa mililita 100 kwa kila kilo katika siku moja, yaani mililita 600. Hugawanywa mara 8: mililita 75 kila mara. Hiyo haifiki nusu ya bilauri ya chai. Mtoto asiyevimba hivyo hupata zaidi kidogo, mililita 130 kwa kila kilo.

Mara 8 ni kila saa tatu: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9, saa 12 jioni, saa 3 usiku, saa 6 usiku, na saa 9 usiku. Mtoto aliye mgonjwa sana hulishwa kila saa mbili. Mama, usikubali mtoto akose kikombe cha usiku kwa sababu amelala. Katika saa zile za usiku, wakati tumbo ni tupu na hewa ni baridi, sukari inashuka na mtoto anaweza kufa kimyakimya huku wote wakidhani amelala vizuri. Mwuguzi wa zamu akichelewa, mwamshe bila haya.

Mketishe mtoto, mwegemeze kifuani mwako, mpe kwa kikombe. Usimlaze chali, usimzibe pua ili ameze, maana maziwa yakiingia katika mapafu yataleta ugonjwa mwingine. Akiwa bado ananyonya, mpe ziwa kwanza, halafu kikombe.

Ikiwa anaacha zaidi ya robo ya maziwa yake kila mara, au anatapika, au ana vidonda kinywani, mwuguzi atapitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni, na maziwa yatashuka kwa huo polepole. Watu wengine wakiuona mpira wanalia, wanadhani ni alama ya kifo. Sivyo. Ni njia ya chakula kwa yule aliyechoka kumeza, nao utaondolewa mara atakapoanza kunywa mwenyewe.

6. MAZUNGUMZO YA USIKU

Tuseme mama mmoja amelazwa pamoja na mtoto wake, na mama yake mzazi amekuja toka mlimani kuwasaidia. Koko huyu ana sahani ndogo ndani ya kikapu, imefunikwa kwa jani la mgomba. Ni bugali na maharagi. Mwuguzi anapita na taa.

"Koko, hodi. Kikapu kina nini?"

"Mwanangu, sitakudanganya. Ni chakula cha mjukuu wangu. Nimelea watoto tisa, sijaona mtoto kupona kwa kukaa na njaa."

"Koko, umelea tisa, nami nakuheshimu. Niambie, mmoja wao alipokuwa na siku tatu tu tangu kuzaliwa, ulimpa maharagi?"

"Siku tatu! Hapana. Maziwa tu, kidogo kidogo, usiku na mchana."

"Mjukuu wako ana miaka miwili, lakini tumbo lake na moyo wake usiku huu ni kama vya mtoto wa siku tatu. Tunaanza tena mwanzo. Ukimpa maharagi leo, moyo wake utashindwa. Baada ya siku chache atalia akitaka chakula, nasi wote tutafurahi kumsikia."

"Na chakula hiki nikitupe?"

"La, koko! Mpe mama yake. Amekesha siku mbili hajala vizuri, naye ananyonyesha. Mama akiishiwa nguvu, nani atashika kikombe saa 9 za usiku?"

Koko anafikiri kidogo, anafunua jani, anampa binti yake sahani. Kisha anauliza: "Kikombe kijacho ni saa ngapi? Mimi nitakishika. Binti yangu alale."

Ndugu msomaji, hapo koko amekuwa mwuguzi.

7. MBONA UZITO UNAPUNGUA?

Kila asubuhi mtoto hupimwa kwenye mzani. Hapo huja jaribu la pili. Aliingia na kilo 6. Siku ya nne ana kilo 5 na gramu 500. Siku ya sita ana kilo 5 na gramu 200. Mama anaona namba zinashuka, anafunga nguo zake katika kitambaa, anasema: "Nilimleta na kilo 6, wanamwua. Nakwenda nyumbani."

Mama, fungua kitambaa chako. Kinachotoka ni maji ya uvimbe. Bonyeza miguu yake: shimo halibaki kama zamani. Angalia uso wake: macho yaliyokuwa yamefungwa sasa yanaonekana. Mtoto uliyemleta hakuwa na kilo 6 za nyama. Alikuwa amebeba maji. Sasa unaona ukubwa wake wa kweli. Amekonda, ndiyo, lakini ugonjwa unatoka. Kuondoka siku hii ni kuacha shamba siku moja kabla ya kuvuna.

Ila kuna alama za kumwita mwuguzi mara moja: pumzi za haraka kuliko jana, uvimbe unaoongezeka, uzito unaopanda ghafula katika siku za F-75, baridi ya mikono na miguu, au mtoto asiyeamka vizuri. Usingoje zamu ya asubuhi.

8. SIKU ZA KUINUKA

Kwa kawaida baada ya siku 2 mpaka 7 mtoto anabadilika. Anatazama kikombe kikija. Anakimaliza, anataka kingine. Akina mama wanajua furaha ya siku ile! Lakini hata siku hiyo hatuli karamu. Kijiti kwanza, kisha kuni.

Siku mbili au tatu humpa chakula chenye nguvu zaidi, lakini kwa uangalifu: pakiti ya chakula cha karanga kwa kipimo, au maziwa ya F-100, yenye kalori 100 na protini mara tatu zaidi ya F-75. Wauguzi huhesabu pumzi zake na kuangalia uvimbe. Akistahimili, anaongezewa siku kwa siku, mpaka ale kadiri anavyotaka.

Chakula hiki cha karanga kilitengenezwa mwaka 1996 na mganga Mfaransa André Briend pamoja na Michel Lescanne. Ndani yake mna karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na chumvi za mwili. Pakiti moja ni gramu 92, nayo ina kalori 500. Hakina maji ndani, kwa hiyo vijidudu haviongezeki ndani yake upesi, wala hakihitaji kupikwa. Kwa sababu yake watoto wengi leo humaliza matunzo wakiwa nyumbani, ambapo zamani walikaa hospitalini mwezi mzima na zaidi. Lakini mpe mtoto maji safi ya kunywa pamoja nacho. Tena ni dawa ya mgonjwa. Usikigawe kwa watoto wote wa nyumba, wala usikiuze sokoni. Kila pakiti iliyouzwa ni siku moja iliyoondolewa katika kupona kwake.

Sasa mzani unapanda. Mtoto anayekula vizuri huongeza gramu 10 au zaidi kwa kila kilo yake kila siku. Mtoto wetu wa kilo 5 na gramu 200 huongeza kama gramu 50 kwa siku, karibu gramu 350 kwa juma. Akiongeza chini ya nusu ya hiyo, wauguzi watatafuta sababu: kifua kikuu, ugonjwa wa UKIMWI, minyoo, au chakula kinachokwenda kwa mwingine.

Na kuna chakula kimoja kisichopimwa kwa kikombe: mchezo. Mtoto wa bwaki amesahau kucheka. Mwimbie, mwitie jina lake, mpe kikopo chenye mawe madogo atikise, mwonyeshe kuku nje ya mlango. Hii ni moja katika zile hatua 10. Waganga waliwatafuta watu waliotibiwa kwa kukosa chakula walipokuwa watoto katika hospitali ya Lwiro, Kivu ya Kusini, kati ya mwaka 1988 na 2007. Waliwakuta wamekua, lakini kwa jumla walikuwa wafupi kuliko wenzao wa mahali pamoja, na katika masomo walikuwa nyuma. Maana yake ni hii: kupona siku ya leo hakutoshi. Ubongo nao unahitaji kulishwa, kwa chakula na kwa upendo, tena mapema.

9. KURUDI NYUMBANI

Mtoto akila vizuri, uvimbe ukishuka, na magonjwa mengine yakitulia, atatoka hospitalini. Lakini hajamaliza. Atakwenda UNTA kila juma kupokea chakula chake na kupimwa, mpaka mkono ufike santimeta 12.5 na miguu ikae majuma mawili bila uvimbe. Wengi huacha hapa, kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Baada ya miezi michache wanamrudisha amevimba tena.

Katika chungu cha nyumbani, kumbuka kwamba bugali wa muhogo hushibisha lakini haujengi. Bugali usikae peke yake. Uwe na rafiki: maharagi, karanga zilizosagwa, soya, sambaza wa ziwani, ndagala, yai, au maziwa. Tena uwe na majani: sombe au lengalenga. Tia mafuta mekundu ya ngazi kijiko kimoja katika chakula cha mtoto, kwa kuwa yana nguvu nyingi na yanafaa macho. Sambaza wakavu waliosagwa kuwa unga huingia vizuri katika uji, wala mtoto hachomwi na miiba. Uji wa soya, mtama na mahindi, ule tunaouita sosoma, ni mzuri kuliko uji wa muhogo.

Mtoto wa miaka miwili ana tumbo dogo, hawezi kungoja chungu cha jioni. Mpe mara nne au tano kwa siku, katika sahani yake mwenyewe. Anapokula katika sahani moja na kaka zake wakubwa, mikono yake midogo hupata kilichobaki. Baba, nawe sikia: yai au samaki akiwa mmoja nyumbani, ni wa yule anayejengwa mwili.

Mtoto wa miezi 6 ya kwanza hapewi kitu ila ziwa la mama. Baada ya hapo ziwa liendelee pamoja na vyakula mpaka miaka miwili na zaidi. Tena pangeni uzazi, ili mdogo asimfukuze mkubwa kifuani kabla ya wakati.

10. KAZI YA KANISA

Kwa nini mama hukimbia hospitali kabla ya siku? Mara nyingi si kwa ukaidi. Ameacha watoto wengine nyumbani na hajui wanakula nini. Shamba lake linaota magugu. Katika hospitali zetu nyingi jamaa ndio wanaompikia anayemlinda mgonjwa, naye hana jamaa karibu. Maombi yetu kando ya kitanda ni mema, lakini mama huyu anahitaji na mikono.

Basi, mashemasi na akina mama wa kanisa, fanyeni hivi. Mmoja awalishe watoto waliobaki. Wawili wapalilie shamba lake asubuhi moja. Mwingine alete chakula cha mama, wala si cha mtoto, na amwulize mwuguzi kwanza kabla ya kumpa mgonjwa kitu chochote. Mtu asinong'one kitandani habari za ulozi. Na mkiona katika kijiji mtoto mwenye miguu iliyovimba, mleteni leo, msingoje soko la juma kesho.

Injili inatuambia kwamba Bwana Yesu alipomwinua binti wa Yairo, neno aliloagiza mara moja ni kwamba apewe chakula. Alijua mwili ulioinuka unahitaji kulishwa. Wauguzi wanaopima vikombe usiku wanafanya kazi hiyo hiyo.

MAULIZO

1. Utajuaje kwamba miguu ya mtoto imevimba kwa bwaki? Onyesha kwa kidole chako.
2. Kwa nini kikombe cha kwanza ni kidogo? Eleza kwa mfano wa moto na majivu.
3. Mtoto amelala vizuri saa 9 za usiku. Utamwamsha anywe maziwa? Kwa sababu gani?
4. Mtoto aliyevimba amepungua uzito siku ya nne. Utamwambia mama yake nini?
5. Alama gani zitakufanya umwite mwuguzi mara moja?
6. Chakula cha karanga ni cha nani, na kwa nini hakigawanywi wala kuuzwa?
7. Taja vitu vitatu vinavyopatikana kwenu, vinavyofaa kuwa rafiki wa bugali.
8. Nani katika kanisa lenu yuko hospitalini leo na mtoto? Ni nani atakayepalilia shamba lake?